Kufilisika kisheria: maswali ya mtu aliyelemewa na madeni

Mkulima wa mpunga wa Mbarali aliyekopa benki ili anunue pawatila, akakopa SACCOS ili alipe rejesho la benki, na mwishowe akaangukia kwenye mikopo ya kausha damu, majirani watasema amefilisika, ingawa kisheria bado. Muflisi ni mtu ambaye Mahakama Kuu imemtangaza hivyo chini ya Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25 ya Sheria za Tanzania. Maombi hupelekwa na mdai, au na mdaiwa mwenyewe anayekiri kwamba hawezi kulipa. Kwa watu wa nyanda za juu kusini, Mahakama hiyo ina kanda Mbeya na Iringa.

Mahakama ikishatoa amri ya kupokea mali, yaani amri inayoweka mali za mdaiwa chini ya mpokeaji rasmi, mdai wa kawaida asiyeshika rehani hawezi tena kumfungulia kesi mdaiwa wala kukamata mali zake bila ruhusa ya mahakama. Mdaiwa akitangazwa muflisi, mali hukusanywa na kuuzwa, madeni yenye kipaumbele kama kodi na mishahara yakatangulia, na kinachobaki wadai wengine wakagawana kwa uwiano wa wanachodai. Nguo, matandiko na zana za kazi za thamani ndogo huachwa.

Swali linalowaumiza wengi ni la nyumba, na jibu lake linapaswa kusemwa wazi: kufilisika hakufuti rehani. Benki iliyoshika hati ya nyumba yako ya Uyole inabaki na haki ya kuiuza, hata kama wadai wengine wote wamezuiwa. Jambo linaloweza kubadilisha hali ni ridhaa ya mwenzi, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja wa wanandoa kuweka rehani nyumba ya familia bila mwenzake kukubali. Mke ambaye hakushirikishwa ana hoja yake mwenyewe ya kupeleka mahakamani, na asingoje siku ya mnada.

Wadhamini nao hawapati nafuu. Mahakama ikikuondolea madeni, wanakikundi waliokusainia bado wanadaiwa, na kwa maoni yangu ni haki yao kuambiwa mapema, kabla hujapeleka maombi.

Wapo wanaoshauriwa kuandikisha shamba la parachichi kwa jina la shemeji. Ushauri huo ni hatari: mahakama inaweza kutengua uhamisho huo, kuficha mali ni kosa la jinai, na atakayebainika anaweza kunyimwa amri ya kumwondolea ufilisi. Bila amri hiyo mtu hubaki muflisi, na haruhusiwi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila kibali cha mahakama.

Sheria hiyohiyo inamruhusu mdaiwa kuwapendekezea wadai malipo pungufu au ya awamu, ambayo wakiyakubali na mahakama ikayaidhinisha, anaweza kuepuka kutangazwa muflisi. Mwenye shamba linalozaa bado ana cha kuweka mezani, na pendekezo hilo alifikirie kabla ya jingine lolote.