Saa 8 ya Kompyuta Ni Saa Ngapi kwa Mgonjwa?

Tuseme mgonjwa wa kisukari anayeishi Kayole, Nairobi, anapokea ujumbe huu: “Usile kuanzia saa 10 usiku. Fika kliniki saa 8 asubuhi.” Mfumo wa kompyuta wa kliniki ulikusudia saa nne usiku na saa mbili asubuhi. Programu ya tafsiri iligeuza maneno ikaacha namba zilivyo. Mgonjwa anasoma saa kumi usiku, na kama ni mchuuzi wa kudamkia soko la Marikiti, saa tisa atakunywa chai na mkate akijua hajavunja sharti. Kipimo cha sukari cha kabla ya kula kinataka angalau saa 8 bila chakula. Akifika saa mbili asubuhi ilivyokusudiwa, atakuwa amekaa tano tu. Sukari itaonekana juu kuliko ilivyo, na huenda akaongezewa dawa asiyoihitaji. Na hiyo “saa 8 asubuhi” haipo kabisa katika Kiswahili. Saa nane ni ya mchana au ya usiku. Akikisia mchana, atakuta chumba cha kutolea damu kimefungwa.

Dawa ya kosa hili ni rahisi. Saa iandikwe kwa maneno, na kipindi cha siku kitajwe: saa mbili asubuhi, saa nne usiku. Mtengenezaji wa programu atakiwe kuweka kanuni ya kubadilisha saa kabla ujumbe haujatumwa, maana si kazi ya mgonjwa kujumlisha na kutoa sita. Hitilafu kama hii ni ndogo mno kutajwa katika mikutano ya kununua mifumo, na ndiyo maana hudumu miaka.

Kuna nyingine ndogo zaidi. Ujumbe mfupi mmoja hubeba herufi 160, nafasi na alama zikihesabiwa. Lakini ikiingia alama moja tu isiyo katika orodha ya msingi ya simu, kiwango hushuka hadi 70. Kiswahili kina mtego wake hapa: ritifaa, ile alama iliyo katikati ya “kung'oa”. Ukinakili maandishi kutoka programu ya kuandikia barua, ritifaa iliyonyooka mara nyingi hugeuzwa ikawa iliyopinda, na hiyo iliyopinda haimo katika orodha. Kliniki ya meno ikituma ujumbe wa herufi 150 kuhusu kung'oa jino, ritifaa iliyonyooka itauacha uwe ujumbe mmoja. Iliyopinda itaukata vipande vitatu, kwa kuwa ujumbe uliounganishwa hubeba herufi 67 tu kila kipande. Gharama ni mara tatu, na kwenye simu za zamani vipande huweza kufika bila mpangilio. Vikaragosi vya uso unaocheka huleta balaa hilohilo.

Kuhusu simu zenyewe, tusijidanganye kwa kuwatazama abiria wa matatu ya kwenda mjini. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa kati ya Wakenya wa umri wa miaka 3 na zaidi, asilimia 47.3 walikuwa na simu na asilimia 22.6 walitumia intaneti. Hali imesogea tangu hapo, lakini kabambe, simu ndogo ya vitufe, bado iko mifukoni mwa wengi, na mwenye simu ya kisasa huenda hana bando leo. Kwa hiyo huduma yoyote ya lazima iwe na njia ya kubonyeza nyota, kama usajili wa bima ya SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) unavyopatikana kwa *147#. Njia hiyo haitaki intaneti. Ina mipaka yake, hata hivyo: skrini moja hubeba herufi 182 tu, na mtandao hukata mawasiliano msomaji akichelewa. Anayesoma polepole, au mwenye mtoto wa jicho, hukatiwa akiwa swali la saba na kurudishwa mwanzo. Mfumo uhifadhi kila jibu papo hapo, na akirudi aendelee alipoachia. Ada ya kubonyeza ilipwe na taasisi, si na mgonjwa.

Nairobi yenyewe imekwisha kuwa na mfano mzuri wa ujumbe usiobagua. Kati ya 2007 na 2008, kliniki tatu nchini Kenya, baadhi zikiwa hapa jijini, ziliandikisha watu 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya VVU. Nusu yao walitumiwa neno moja kila wiki: “Mambo?” Walitakiwa kujibu “Sawa” au “Shida” ndani ya saa 48. Aliyesema shida, na aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010: baada ya mwaka mmoja, virusi vilikuwa vimedhibitiwa kwa asilimia 57 ya waliotumiwa ujumbe, dhidi ya asilimia 48 ya wengine. Neno “Mambo?” halitaji dawa wala hospitali. Jirani akiliona, ameona salamu. Wengi wanaoiga mradi huu hununua mashine ya kutuma ujumbe na kumsahau muuguzi wa kupiga simu, ilhali ndiye aliyekuwa akisikiliza hiyo shida.

Siri ndiyo inayopotea haraka pale simu moja inapotumiwa na nyumba nzima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, kwa hiyo wakati wa usajili karani asiishie kuuliza namba. Aulize simu ni ya nani, nani mwingine huisoma, mgonjwa apigiwe au aandikiwe, na kwa lugha gani; Eastleigh, kwa mfano, jibu la mwisho laweza kuwa Kisomali. Maswali haya yarudiwe kila ziara, maana laini isiyotumika kwa muda hufungwa na kampuni ya simu, kisha namba ikauzwa kwa mtu mwingine. Majibu ya maabara yatafika bila hitilafu, kwa mgeni.

Kwa asiyeona, simu husoma skrini kwa sauti, ila kitufe kisicho na jina husomwa “kitufe” basi. Jaribio lake halihitaji mtaalamu: washa kisoma skrini, funika kioo kwa karatasi, kisha jaribu kuweka miadi. Ukishindwa wewe unayeijua programu, mgonjwa atashindwa. Maandishi nayo yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1; kijivu hafifu juu ya nyeupe hupotea kabisa juani. Na kiziwi usimwandikie “tutakupigia”.

Alama za vidole za kumtambua mgonjwa nazo zina wanaoumia kimyakimya. Sabuni na maji ya mama fua, saruji ya fundi wa mawe na umri wa wazee hulainisha ngozi hadi mashine isione mistari. Wakati wa usajili vichukuliwe vidole viwili au zaidi vya kila mkono, mikono ikiwa safi. Ngozi iliyokauka ipakwe mafuta kidogo kisha ifutwe. Mashine ikikataa, utaratibu ulioandikwa useme nani zamuni ana mamlaka ya kumpitisha mgonjwa kwa kitambulisho. Kwa dharura hata hilo lisisubiriwe: Ibara ya 43 ya Katiba inakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura.

Vipimo navyo vina upendeleo. Kile kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hupitisha mwanga kwenye ngozi, na ngozi nyeusi huuvuruga. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 uliwaangalia wagonjwa ambao kifaa kilionyesha asilimia 92 hadi 96: kati ya weusi, asilimia 11.7 walikuwa chini ya 88 damu yao ilipopimwa. Kati ya weupe, asilimia 3.6. Ondoa rangi ya kucha, pasha joto kidole kilichopoa, subiri namba itulie, kisha hesabu pumzi kwa dakika nzima. Mgonjwa anayehema kwa shida asirudishwe nyumbani kwa sababu kifaa kimesema 94.

Programu zinazopanga nani apewe huduma kwanza ziulizwe zimejifunza kwa data gani. Moja ya Marekani, iliyochunguzwa mwaka 2019, ilipima ugonjwa kwa gharama za matibabu. Weusi walikuwa wametumiwa fedha kidogo, ikawaona wazima. Mkazi wa Mathare anayenunua dawa dukani kwa pesa taslimu angeonekana mzima vivyo hivyo.

Kabla ya kuzindua mfumo, chukua kabambe isiyo na salio, simu yenye kioo kilichopasuka na laini ambayo si ya mgonjwa, ukae kwenye benchi la kusubiri na watu watano wa umri tofauti. Usiwaelekeze. Andika kila mmoja amekwama wapi. Baada ya uzinduzi, meza ya usaidizi ibaki wazi na fomu za karatasi, na pawe na daftari la waliokwama: tarehe, hatua, aina ya simu, lugha. Jina halihitajiki.