Ukisingiziwa kosa, pigania faili kabla ya kupigania kesi

Mimi ni wakili wa kesi za jinai hapa Nairobi. Nikiwakumbuka watu niliowatetea kwa makosa ambayo hawakuyatenda, wengi wao walifika ofisini kwangu wakiwa wamekwisha kusema mengi mno. Mwenye hatia mara nyingi hunyamaza kwa kuwa anajua anachoficha. Asiye na hatia hukimbilia kituoni mwenyewe, peke yake, akiamini kwamba akieleza tu yataisha. Anaeleza kwa hasira, anakosea saa, anamtaja jirani ambaye hakuwa na haja ya kutajwa, kisha anatia sahihi. Miezi inapita, na karatasi ile ile inatolewa mahakamani Milimani, naye anaulizwa mbona siku ile alisema saa kumi na leo anasema saa kumi na mbili.

Ninaandika kwa ajili ya mtu huyo, na kwa ajili ya akina mama wanaonipigia simu usiku: "Wakili, wamemchukua mwanangu na hajafanya kitu."

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba afisa anayekuhoji siye mwenye neno la mwisho. Kifungu cha 157 cha Katiba ya 2010 kimempa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uwezo wa kushtaki. Polisi wanachunguza, wanakusanya taarifa za mashahidi na vielelezo, na vyote vinawekwa kwenye faili. Anayelisoma faili hilo upande wa mashtaka anaongozwa na mwongozo wa uamuzi wa kushtaki wa mwaka 2019, nao una maswali mawili. Je, ushahidi uliomo unaweza kweli kumtia mtu hatiani? Je, kumshtaki kuna manufaa kwa umma? Msomaji huyo hajakuona. Hajui unasali kanisa gani wala umefanya kazi kwa uaminifu miaka mingapi. Anajua kilichoandikwa tu. Kwa makosa madogo mambo hukimbia, na mtu anaweza kulala seli na asubuhi akasimamishwa mahakamani Makadara au Kibera. Kwa mashtaka mazito, kama wizi kazini au ulaghai, mara nyingi kuna wiki kadhaa kabla faili halijaamuliwa. Wiki hizo ndizo za kufanya kazi.

Kwa kawaida mambo huanza na simu: "Fika kituoni uandikishe taarifa." Uliza kwa heshima jina la afisa, kituo, nani amelalamika, ni kosa gani, na nambari ya OB, yaani lile ingizo kwenye kitabu cha matukio. Kisha uliza swali ambalo watu huliogopa: naitwa kama shahidi au kama mshukiwa? Jibu linabadilisha kila kitu. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, kifungu cha 52, inamruhusu afisa kumwita kwa maandishi mtu anayeaminika kuwa na habari kuhusu kosa, kwa hiyo si utovu wa adabu kuomba mwito ulioandikwa.

Usikae kimya nyumbani ukitumaini watakusahau. Asiyefika huonekana mtoro, na siku ya kuomba dhamana hilo ndilo la kwanza kutajwa. Nenda, lakini nenda na wakili. Kama huna pesa, kuna Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016, na kuna Kituo cha Sheria, ambacho kimewasaidia maskini tangu 1973.

Chagua siku pia. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe kortini haraka iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Lakini saa hizo zikiishia nje ya muda wa mahakama au katika siku isiyo ya mahakama, mwisho wake ni siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana kuna walalamishi na maafisa wanaopenda kukamata Ijumaa alasiri. Mtu analala seli Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na hakuna sheria iliyovunjwa. Ukiitwa na una nafasi ya kuchagua, fika Jumanne asubuhi.

Ukishakamatwa, kifungu hicho hicho kinakupa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoielewa, haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili, na haki ya kutolazimishwa kukiri. Jina lako na kitambulisho vitoe. Mengine yangoje. Kusema, "Afande, nitaandika taarifa yangu nikiwa na wakili," si ukaidi, na afisa aliyefunzwa vizuri anajua hivyo. Ukilazimishwa kukiri, kumbuka kwamba chini ya kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi ungamo halikubaliki isipokuwa limetolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kinachotajwa na sheria hiyo ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mtu uliyemchagua mwenyewe akiwepo.

Hapa natofautiana kidogo na wenzangu wanaomwambia kila mteja anyamaze mwanzo hadi mwisho. Kunyamaza kunakulinda dhidi ya maneno ya papara. Lakini kama utetezi wako ni kwamba hukuwepo, kunyamaza mpaka siku ya kesi kunakuumiza. Tangu 1939, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilipoamua kesi ya Sukha Singh, mahakama zetu zimeshikilia kwamba mtu anayedai alikuwa mahali pengine aseme mapema, ili polisi wapate nafasi ya kuthibitisha. Ukilitoa dai hilo baada ya mwaka mmoja, hata likiwa kweli tupu, linasikika kama limetungwa. Kwa hiyo taarifa iandikwe mapema, ukiwa umetulia, wakili akiwa kando, fupi, yenye unachokijua kwa macho yako tu. Usikisie kwa nini mlalamishi anakuchukia. Isome yote kabla ya sahihi, na kila kosa lisahihishwe kwa mkono.

Nimtaje keshia mmoja wa duka la jumla huko River Road, nikiwa nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha. Alidaiwa kuwapa wateja nambari yake ya simu badala ya nambari ya till, yaani ile ya duka ya kupokelea malipo. Wizi wa mwajiriwa, chini ya kifungu cha 281 cha Sheria ya Adhabu, unaweza kumpeleka mtu jela miaka saba. Mwajiri alikuja na orodha ya tarehe na mashahidi wawili. Kijana wa watu alikuja na machozi.

Kamera za CCTV zingemwokoa, lakini mitambo mingi ya maduka huandika juu ya picha za zamani baada ya siku au wiki chache, na tulipoulizia zilikuwa zimekwenda. Ndiyo sababu leo barua ya kwanza ninayoiandika ni ya kumtaka mwenye jengo ahifadhi picha za tarehe fulani, saa fulani, na nakala yake inakwenda kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, ikimwomba mpelelezi azichukue. Barua zote zigongwe muhuri wa kupokelewa. Afisa akipuuza barua yenye muhuri, upuuzaji wake nao unakuwa ushahidi wa upande wetu.

Kilichomtoa keshia yule kilikuwa ratiba ya zamu iliyopigwa picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Katika baadhi ya tarehe zile alikuwa mapumzikoni. Tukaongeza taarifa yake kamili ya M-Pesa ya miezi ile, ambayo kila mtu anaweza kuiomba kupitia *334#, ikionyesha kwamba pesa zilizodaiwa hazikuingia. Tulizipeleka zote kwa barua ya kurasa mbili, kila kielelezo kikiwa na nambari, kwa mpelelezi na kwa ofisi ya waendesha mashtaka. Faili lilifungwa bila yeye kusimama kizimbani. Hakuna hotuba yangu yoyote mahakamani iliyowahi kumsaidia mtu kuliko barua ile.

Kwa hiyo usifute chochote kwenye simu yako, hata ujumbe wa aibu usiohusiana na kesi. Aliyefuta ameficha, ndivyo atakavyosoma msomaji wa faili. Tunza simu yenyewe pamoja na picha za skrini, kwa kuwa kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka rekodi za kielektroniki ziandamane na cheti kinachoeleza zilivyopatikana. Polisi wakitaka kuipekua, mwite wakili kwanza. Faragha ya mawasiliano inalindwa na Kifungu cha 31 cha Katiba, na wao wana njia ya kuomba amri ya mahakama. Mashahidi wako wape mpelelezi majina na nambari, lakini usiwafundishe la kusema. Na usimpigie mlalamishi simu, hata kumsihi. Ujumbe wa "tafadhali tuyamalize" umesomwa mahakamani mara nyingi kama kukiri, na kumfuata kunaweza kuitwa kumtisha shahidi.

Ukiwekwa kwenye gwaride la utambulisho, yaani safu ya watu ambamo shahidi anaombwa kumtambua mshukiwa, uwe miongoni mwa watu wasiopungua wanane wanaofanana nawe kwa umri, kimo na sura. Una haki ya kuchagua mahali pa kusimama na kuwa na wakili au rafiki. Ikiwa shahidi alikuona umefungwa pingu kabla ya gwaride, sema hapo hapo na litiwe kwenye fomu.

Sasa pesa. Dhamana ya polisi ni bure, na bango la kusema hivyo limebandikwa vituoni. Ukitoa dhamana ya pesa taslimu, hiyo ni amana inayorudishwa, na lazima upewe risiti. Jamaa atakwambia kuna afisa anayeweza "kulimaliza faili" kwa kitu kidogo. Mbali na kwamba Sheria ya Hongo ya 2016 inamwadhibu anayetoa sawa na anayepokea, faili la namna hiyo halimalizwi. Linawekwa droo, na linafunguliwa tena pesa zikihitajika tena. Nimeona familia ikiuza shamba kwa njia hiyo, na kesi ikaja vilevile.

Kuna aina moja ya kusingiziwa inayonikasirisha kuliko zote, nayo ni deni linalovishwa nguo za jinai. Washirika wa biashara wamekosana, mmoja anadai pesa, na badala ya kwenda mahakama ya madai anakwenda kituoni kusema ametapeliwa. Simu zinaanza: lipa, la sivyo utalala ndani. Mahakama Kuu imesimamisha mashtaka ya namna hii mara nyingi, chini ya Vifungu vya 22, 23 na 165 vya Katiba, ikisema mkono wa jinai si chombo cha kukusanya madeni. Ila simpeleki mteja huko kwa uchungu pekee. Majaji huuliza ushahidi wa nia mbaya, na usipokuwepo wanasema hoja za ukweli na uongo zipelekwe kwa hakimu anayesikiliza kesi. Ukiwa na mkataba, stakabadhi za malipo, na ujumbe wa afisa akitaja kiasi cha kulipwa, hapo tuna kazi.

Na ikiwa pamoja na yote hayo umeshtakiwa? Kana mashtaka. Usikubali kamwe ushauri wa "kiri upigwe faini uende nyumbani," hata ukitolewa kwa huruma na mtu wa korido. Hukumu hiyo itakufuata kwenye kila cheti cha maadili mema utakachoomba. Kifungu cha 50 cha Katiba kinakupa haki ya kupata mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yako. Dai taarifa zote za mashahidi, pamoja na nakala ya ingizo la OB la siku ya kwanza, kwa sababu hadithi ya kwanza ya mlalamishi na ile ya mahakamani mara nyingi hazilingani.

Mashtaka yakiondolewa, uliza yameondolewa kwa kifungu gani. Chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, kabla hujaitwa kujitetea, unaachiliwa lakini unaweza kukamatwa tena kwa mambo yale yale. Mlalamishi akiondoa kesi chini ya kifungu cha 204 kwa idhini ya mahakama, hakimu anakuondolea hatia kabisa. Watu hucheka na kukumbatiana kwenye ngazi za Milimani bila kujua ni lipi kati ya hayo mawili wamepewa.

Baada ya kuachiliwa huru unaweza kudai fidia kwa kushtakiwa kwa nia mbaya. Kesi ya Mbowa ya mwaka 1972 inaweka masharti: mashtaka yaliletwa na mdaiwa, hayakuwa na sababu ya maana, yaliletwa kwa nia mbaya, na yaliisha kwa upande wako. Kushinda kesi ya jinai peke yake hakuthibitishi nia mbaya, kwa hiyo zile barua zenye muhuri zitunze. Mlalamishi aliyewadanganya polisi kwa makusudi anaweza kushtakiwa kwa kifungu cha 129 cha Sheria ya Adhabu, ambacho adhabu yake ni hadi miaka mitatu, na afisa aliyekutesa au kukuomba hongo analalamikiwa kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi.

Lakini angalia muda. Madai ya aina hii dhidi ya serikali hufungwa miezi 12 tangu haki ya kudai ilipozaliwa, na kwa kushtakiwa kwa nia mbaya muda huo huanza kuhesabiwa kesi ya jinai inapoisha. Wengi hupumzika mwaka mzima, wakitaka tu kusahau, kisha wanakuja mlango umefungwa. Siku hiyo hiyo ya uamuzi, kabla ya kuondoka mahakamani, omba kwenye masijala nakala iliyoidhinishwa ya uamuzi na ya mwenendo wa kesi. Nakala moja ibaki kwa wakili wako, nyingine uipeleke makao makuu ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kwenye Barabara ya Kiambu ili kumbukumbu za alama zako za vidole zisahihishwe kabla hujaomba kazi nyingine.