Flavonoidi, ini na figo: panya amepona, na mgonjwa je?

Ukitafuta mtandaoni mmea unaokinga ini au figo, utapata tafiti nyingi za panya, na nyingi zinasema kweli. Panya aliyepewa dondoo lenye flavonoidi kisha akapewa sumu huumia kidogo kuliko mwenzake aliyepewa sumu peke yake. Kazi yangu ni famakolojia, na watu huniuliza kwa nini basi hospitali haziwapi wagonjwa mimea hiyo. Swali ni la haki, na linastahili jibu kamili.

Flavonoidi ni familia kubwa ya kemikali za mimea. Zinazojulikana zimeshapita 5,000. Kitunguu maji kina kwasetini, majani ya mlonge yana kwasetini na kemferoli, maganda ya machungwa yana hesperidini, chai ina katekini. Hata wekundu wa choya unatokana na anthosiani, ambazo ni za ukoo huohuo. Mwaka 1936 Albert Szent-Györgyi na wenzake walizipa jina la vitamini P. Jina hilo liliachwa baadaye, kwani haikuonekana kwamba mtu huugua kwa kuzikosa.

Kinga yake hasa iko wapi? Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba zinanasa radikali huru, yaani molekuli zisizotulia zinazoharibu seli. Kwenye chupa ya maabara zinafanya hivyo. Ndani ya mwili, mimi naona kazi yake nzito zaidi ni kuamsha protini iitwayo Nrf2, inayoiamuru seli itengeneze vimeng'enya vya kujilinda na kuongeza glutathaioni, kemikali ya mwili inayozima sumu. Bila glutathaioni ini halina ngao. Chukua parasetamoli: sehemu ndogo ya kila dozi hugeuzwa na kimeng'enya CYP2E1 kuwa sumu iitwayo NAPQI, na glutathaioni huizima papo hapo. Mtu akizidisha vidonge, glutathaioni huisha, NAPQI hushika protini na mitokondria (vinu vya nishati vya seli), na seli za ini zinaanza kufa. Kwenye figo, dawa kama sisplatini ya saratani na jentamisini ya bakteria hujikusanya ndani ya seli za mirija, na huko pia uharibifu unaoletwa na radikali huru una sehemu yake kubwa.

Sasa ule mtego ambao nawasisitizia wanafunzi kila mwaka. Parasetamoli na kaboni tetrakloridi, sumu mbili zinazopendwa sana katika tafiti za ini, huwa hatari baada ya kugeuzwa na CYP2E1. Flavonoidi kadhaa huzuia kimeng'enya hicho. Ukimpa panya dondoo kwanza na sumu baadaye, pengine hujaponya ini hata kidogo, umezuia tu sumu isitengenezwe. Mgonjwa wetu anafika akiwa ameshameza. Kwa hiyo nikisoma utafiti wa aina hii, jambo la kwanza ninalotafuta ni kama dondoo lilitolewa kabla ya sumu au baada yake.

La pili ni kipimo. Miligramu 200 za flavonoidi kwa kila kilo ya panya, ukizigeuza kwa hesabu inayozingatia eneo la ngozi ya mwili, ni takriban gramu 2 za flavonoidi safi kwa mtu wa kilo 60. Gramu 100 za kitunguu zina makumi machache tu ya miligramu za kwasetini. Halafu utumbo na ini huibadilisha sehemu kubwa kabla haijafika kwenye figo.

Mfano wenye ushahidi bora ni silimarini, inayotoka kwenye mbegu za mbaruti wa Mediterania, Silybum marianum. Ulaya, mtu aliyekula uyoga wenye sumu wa Amanita phalloides huweza kupewa silibini, kemikali kuu ya silimarini, kwa dripu, kwa sababu inaziba mlango ambao sumu hupitia kuingia kwenye seli za ini. Nikiona hivyo nafurahi: tunajua inafanya nini, na wapi. Lakini mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 154 wa homa ya ini aina ya C nchini Marekani, waliomeza silimarini au kidonge kisicho na dawa kwa wiki 24. Vipimo vya ini havikutofautiana.

Linaloniumiza ni biashara ya dawa za "kusafisha ini na figo". Chai ya kijani ya kikombe haina shida kwa watu wengi, lakini mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini yake kuu, zikimezwa kama vidonge, zinaweza kupandisha vimeng'enya vya ini katika damu, ishara kwamba ini linaumia. Birimbi nalo, tunda tulilolizoea pwani kwenye mchuzi na achari, lina flavonoidi na pia oksaleti nyingi. Huko Kerala, India, watu waliokunywa juisi yake nzito wamepata maradhi ya ghafla ya figo, wengine hadi kuhitaji mashine ya kusafisha damu.

Kula vitunguu, mboga za majani na matunda. Siwezi kumkataza mtu mzima mwenye afya. Mgonjwa wa figo amwulize kwanza daktari wake, maana juisi na unga wa majani vinaweza kumwongezea potasiamu ambayo figo zake haziwezi kuitoa. Na aliyezidisha parasetamoli asipewe dondoo la mmea wowote nyumbani. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama anajisikia mzima, kwa sababu siku ya kwanza dalili zinaweza zisionekane kabisa, na dawa ya asetilisisteini, inayorudisha glutathaioni, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 8.