Didaktibo si makato

Mimi ni mkalimani wa hospitali hapa Marekani, na neno ninalolijutia kuliko yote ni "makato". Ndivyo nilivyozoea kutafsiri didaktibo, neno la bima ya afya ("deductible" kwa Kiingereza), mpaka siku mama mmoja wa Bukavu aliponitolea karatasi ya mshahara wake. "Mwanangu, si wameshanikata? Hii bili ni ya nini tena?"

Alikuwa sahihi kushangaa. Kinachokatwa kwenye mshahara ni ada ya bima, na hiyo inakwenda uugue usiugue. Didaktibo ni fedha unazotoa mfukoni kila mwaka kabla kampuni ya bima haijaanza kuchangia. Siku hizi naiita kizingiti. Kabla hujakivuka, bili ya matibabu mengi ni yako, ingawa unalipa bei ambayo kampuni imepatana na hospitali, na mara nyingi ni nafuu.

Tupige hesabu ya mfano. Kizingiti chako ni dola 2,000, mgawo wako, yaani sehemu ya bili unayolipa ukishakivuka, ni asilimia 20, na kikomo cha mwaka, yaani kiasi cha juu kabisa utakachotoa mfukoni, ni dola 5,000. Umefanyiwa upasuaji wa dola 12,000. Unatoa 2,000 za kwanza; zinabaki 10,000, na asilimia 20 yake ni 2,000 nyingine. Umelipa 4,000. Mwaka haujaisha, unalazwa tena kwa dola 15,000. Asilimia 20 ingekuwa 3,000, lakini umebakiza 1,000 tu kufika kikomo, basi utalipa hiyo 1,000. Kuanzia hapo, matibabu yaliyomo kwenye bima yako, katika hospitali zilizo na mkataba nayo, hulipi hata senti mpaka mwaka wa bima ugeuke. Ukigeuka, unaanza sifuri. Ndiyo maana wajanja wakishavuka kizingiti hawaahirishi upasuaji wa goti hadi Januari. (Ile ada ya kila mwezi haihesabiwi kwenye kikomo. Huulizwa hili kila wiki.)

Kopei haina makuu: ni kiasi maalumu, tuseme dola 30, unachotoa dirishani ukienda kwa daktari.

Kinachowaponza wengi ni barua ya kampuni ya bima inayoeleza yenyewe inalipa nini na wewe nini, yenye tarakimu za kutisha, iliyoandikwa kwamba si bili. Wapo wanaoilipa, wapo wanaoitupa. Iweke. Bili ya hospitali ikija, zilinganishe. Zikipishana, piga simu kabla ya kulipa, na uombe mkalimani.

Kuhusu dharura, tangu Januari 2022 sheria inazuia chumba cha dharura kukutoza zaidi kwa sababu tu hospitali haina mkataba na bima yako. Ila gari la wagonjwa la barabarani halimo kwenye sheria hiyo, na bili yake huuma.

Halafu kuna jambo ambalo dirishani ni nadra kuambiwa: hospitali zisizo za faida zinatakiwa na sheria ya kodi kuwa na utaratibu ulioandikwa wa kuwapunguzia au kuwafutia bili wenye kipato kidogo. Una siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba, hata kama una bima.

Yule mama alikuwa amebakiza siku 31. Tuliijaza fomu palepale kantini, karatasi ya mshahara ikiwa kiambatisho cha kwanza.