Mabomba ya chuma katika nyumba za mawe: yanayosemwa na yaliyo kweli

Katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar, na vivyo hivyo katika Mji wa Kale wa Mombasa, maji bado yanapita kwenye mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, yaliyotiwa ukutani kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Yanapoanza kusumbua, mwenye nyumba hupewa ushauri wa kila namna, na mwingi kati ya huo humwingiza katika gharama mara mbili.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba maji yakitoka kwa unyonge, presha ya mtaani imeshuka na dawa yake ni pampu. Mara nyingi kasoro imo ndani ya nyumba yenyewe. Zinki ikishaliwa, chuma hushika kutu, na kutu hiyo huota vinundu kuelekea ndani hadi njia ya maji inasongwa. Tulipokata bomba la jikoni katika nyumba ya familia yetu, kipande cha nusu inchi ambacho kwa nje kilionekana kizima kabisa, nilikiinua kwenye mwanga wa dirisha nikaona kitundu ambacho penseli isingepita. Kipenyo kikipungua kwa nusu, nafasi ya kupitisha maji hubaki robo tu. Kujipima ni rahisi: jaza ndoo ya lita 20 kwenye koki iliyo karibu na mita, kisha kwenye koki ya mbali zaidi ya ghorofa hiyo hiyo, ulinganishe muda. Tofauti ikiwa kubwa, pampu haitatibu kitu. Itaongeza tu presha katika bomba lililokwisha kuliwa, nalo litapasukia kwenye meno ya maungio, ambako chuma ni chembamba zaidi.

Wapo wanaoamini kuwa kipande kinachovuja ndicho pekee kibovu. Kumbe bomba zima lina umri mmoja, na fundi akikaza spana kufungua ungio moja, mara nyingi hulegeza au kupasua linalofuata. Vilevile si kweli kwamba kuchemsha maji yenye kutu huyasafisha: kuchemsha huua vijidudu, lakini chuma hubaki ndani ya maji hayo.

Kosa linaloniuma zaidi ni la vipimo, kwa kuwa hufanywa na watu waliokwisha kukubali kutoa fedha zao ili kubadilisha mabomba. Husemwa kwamba bomba la PPR (plastiki ngumu inayounganishwa kwa joto) la milimita 20 ni sawa na nusu inchi, au hata kubwa kuliko hiyo. Bomba la PPR hupimwa kwa kipenyo cha nje, ilhali nusu inchi ya bomba la chuma ni jina linalokaribiana na kipenyo cha ndani. La milimita 20 la daraja la PN20, yaani kiwango cha presha linachostahimili, lina unene wa milimita 3.4 kila upande, hivyo ndani hubaki 13.2, wakati bomba jipya la chuma la nusu inchi lina takriban 16. Anayetaka njia isipungue achukue la milimita 25, ambalo kwa daraja hilo lina 16.6 ndani. Na hata hilo huharibiwa na haraka: pasi ya kuunganishia huwa na joto la nyuzi 260 hivi, na fundi akichelewesha bomba humo kupita sekunde zilizowekwa, plastiki hufura na kufanya pete ndani ya ungio, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika tena.

Kisha ukuta. Inadhaniwa kwamba unaweza kuchimbwa popote na kuzibwa kwa saruji. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe, mengi yao madogo, yaliyoshikwa kwa chokaa; mfereji mrefu wa kulala huvunja mshikamano huo. Saruji nayo ni ngumu kuliko chokaa na haipitishi unyevu vizuri, kwa hiyo unyevu hutafuta kutokea pembeni ukibeba chumvi, na plasta hubanduka. Bomba likivuja humo, ukuta hunywa maji kimya kimya, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza bila mtu kujua. Mimi naona ni heri bomba lipite juu ya ukuta, kwenye kona iliyo mbali na jua, lishikwe kwa vibano, ili uvujaji uonekane siku hiyo hiyo. Kwa Mji Mkongwe, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, ulizia kwanza kibali kwa mamlaka ya hifadhi.

Palipobidi kuchimba, plasta isubiri hadi bomba lijaribiwe kwa presha ya mara moja na nusu ya ile ya matumizi.

Jambo la mwisho ni la hatari, nalo husahaulika kwa kuwa watu hudhani umeme hauhusiani na maji. Katika nyumba za zamani waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, wakati mwingine ulifungwa kwenye bomba la chuma. Ukiweka plastiki, njia hiyo hukatika, na taa zitaendelea kuwaka kama kawaida huku nyumba ikiwa haina kinga. Fundi umeme aitwe akague ethi, na ikibidi achimbie fimbo mpya, kabla bomba la kwanza halijakatwa.