"Imechapishwa kwenye jarida la kimataifa": dhana na ukweli

Msimu wa kupulizia mikorosho ukifika, kuanzia Masasi hadi Tandahimba hakosekani muuzaji wa pembejeo wa kukwambia dawa yake "imefanyiwa utafiti na kuchapishwa kwenye jarida la kimataifa." Kwenye makundi ya WhatsApp nako sentensi hiyohiyo hufunga mjadala, uwe wa ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho), wa chanjo au wa nguvu za kiume. Kinachotajwa hapo ni mapitio ya wataalamu wenza: mhariri wa jarida anawapelekea mswada watu wawili au watatu wa fani hiyo, yaani wahakiki, wanausoma, wanaandika dosari, kisha wanashauri uchapwe, urekebishwe au ukataliwe. Ni kazi ya maana. Tatizo ni kwamba tumeibebesha mzigo usio wake.

Dhana: Wahakiki wameurudia utafiti wenyewe.

Hawaurudii. Mhakiki hafungi safari kuja kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, kukagua maua ya mkorosho yaliyoshika unga mweupe. Anasoma ulichoandika, mara nyingi usiku baada ya kazi inayomlipa, maana uhakiki kwa kawaida hauna malipo. Anachoweza ni kuuliza: mbona hukuacha mikorosho isiyopuliziwa ili ulinganishe? Mbona umepima msimu mmoja tu? Hapo ndipo mfumo huu unapoonyesha nguvu yake. Mwaka 1936 mwanafizikia Albert Einstein alikasirika jarida la Physical Review lilipompelekea mtu mwingine mswada wake bila kumwambia, akauondoa. Mhakiki ndiye aliyekuwa sahihi, na makala ilipotoka kwenye jarida jingine hitimisho lilikuwa limeshabadilika.

Lakini kuuliza maswali si sawa na kukamata mwizi. Mwaka 1998 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyofanya watu waamini chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inaleta usonji. Wahakiki waliipitisha. Ilifutwa 2010, na aliyefukua uozo wake alikuwa mwandishi wa habari, Brian Deer.

Hata kosa lililo wazi hupita. Katika jaribio moja, ambalo matokeo yake yalitoka 1998 hiyohiyo, jarida la BMJ la Uingereza lilichukua makala, likaichomekea kasoro 8 za makusudi na kuwapelekea wahakiki wake. Kwa wastani kila mmoja aliona 2.

Dhana: Makala iliyohakikiwa ni kibali cha dawa.

Ni vitu viwili tofauti. Kiuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na mhariri wa jarida hana mamlaka hayo. Muuzaji akikuonyesha makala, mwombe pia namba ya usajili kwenye lebo.

Dhana: Wahakiki wanaangalia hoja, jina halina kazi.

Ingekuwa hivyo, watafiti wa vyuo vidogo wangelala usingizi. Mwaka 1982 Douglas Peters na Stephen Ceci wa Marekani walitoa matokeo ya mtego wao: walichukua makala 12 za saikolojia zilizokwishachapishwa, za watu wa vyuo vikubwa, wakabandika majina na taasisi za kubuni, wakazirudisha kwenye majarida yaleyale. Tatu zilitambuliwa. Katika 9 zilizobaki, 8 zilikataliwa, na wahakiki wakasema mbinu zake ni dhaifu. Sasa mfikirie mtafiti anayetuma mswada wake akiwa na anwani ya Mtwara. Majarida mengine huficha majina ya mwandishi na ya mhakiki, na inasaidia kiasi, ingawa katika fani yenye watu wachache mwandishi hujulikana tu kwa mada yake.

Dhana: Kisichopitiwa ni uongo.

La. Makala ya 1953 ya James Watson na Francis Crick kuhusu umbo la DNA, molekuli inayobeba urithi, ilitoka kwenye jarida la Nature bila wahakiki wa nje, na bado ni sahihi.

Dhana: Ikishachapishwa, imekwisha.

Watu wa Lindi tuna jibu letu la hili, kilima cha Tendaguru. Wajerumani walichimba hapo kati ya 1909 na 1913, wakasomba mifupa ya dinosaria hadi Berlin. Mwaka 1914 Werner Janensch akampa mnyama mmoja mrefu jina Brachiosaurus brancai, akimweka ukoo mmoja na yule aliyepatikana Marekani. Jina likakaa vitabuni miaka na miaka. Mwaka 1988 Gregory Paul akatia shaka, akaanzisha jina Giraffatitan. Mwaka 2009 Michael Taylor akalinganisha mifupa ya pande zote mbili, mmoja baada ya mwingine, akakuta tofauti nyingi mno kwa ukoo mmoja. Uhakiki ulioleta mabadiliko hayo ulifanyika baada ya uchapishaji, na uliwezekana kwa sababu mifupa ipo na mtu anaweza kuipima upya. Ukitaka kuipima wewe wa Lindi, tafuta viza ya Ujerumani. Hilo nalo ni udhaifu, japo wahakiki hawana kosa.

Dhana: Jarida ni jarida.

Mwalimu yeyote wa chuo aliyewahi kuchapisha chochote anazijua barua pepe hizi: "Mheshimiwa Profesa," anaandikiwa mtu ambaye hata shahada ya uzamili hajamaliza, lete makala yako ya fani yoyote, tutaihakiki kwa siku tatu, ada dola kadhaa. Mwaka 2013 John Bohannon wa jarida la Science alituma makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani kwa majarida 304, ikiwa na majina ya watafiti na vyuo vya Afrika vya kubuni na makosa ya wazi kabisa. Majarida 157 yaliikubali, mengi bila dalili kwamba kuna mtu aliyeisoma. Uhakiki wa kweli kwa kawaida huchukua miezi, na jibu la kwanza mara nyingi ni orodha ndefu ya mambo ya kurekebisha.