Mpira Huharibika Kabla Fimbo Haijanyanyuka

Mchezaji wa gofu akiukwangua mpira kwa juu, iwe kwenye uwanja wa Lugalo au wa Gymkhana jijini Dar es Salaam, wenzake na kedi (mbeba fimbo) humpa jibu lile lile: "Umeinua kichwa." Ni kweli kimeinuka, ila mara nyingi kimeinuliwa na kiwiliwili kilichokuwa kinajiokoa kisianguke. Kumwambia mtu huyo akaze shingo ni kumwongezea tatizo la pili.

Fimbo ikishuka kwa kasi huvuta mikono kuelekea nje, upande uliko mpira. Kwa mpigaji mwenye kasi, mvuto huo hufika makumi ya kilo. Kama tangu mwanzo uzito ulikuwa vidoleni, huna tena pa kuegemea: nyonga husogea mbele, mgongo hunyooka, mikono hupanda. Fimbo itaugonga mpira kwa juu, au mikono itasukumwa nje na shingo ya fimbo (pale kichwa cha fimbo kinapoungana na mti wake) ndiyo itakayougusa, nao uchomoke kulia kabisa (nazungumzia anayepiga kwa mkono wa kulia). Uzito ukiwa visiginoni, unaangukia nyuma, mpira unagongwa na ncha ya kichwa cha fimbo, upande ulio mbali nawe, na umbali unapotea.

Uzito ukae katikati ya unyayo, chini ya kamba za viatu. Chukua aironi 7 (fimbo ya chuma ya umbali wa kati), simama wima, miguu upana wa mabega, vidole vya mguu wa kushoto vikitazama nje kidogo. Laza fimbo pale paja linapokutana na nyonga, uisukume nyuma: makalio yarudi, kifua kishuke, mgongo usipinde. Magoti yalegezwe mwisho, tena kidogo tu. Wengi huanza na magoti, kama anayetafuta kigoda, basi uzito huenda visiginoni, mgongo hujikunja na mabega hukosa nafasi ya kuzunguka. Kidevu nacho kiachane na kifua, kwa sababu bega la kushoto litapita chini yake.

Mikono ining'inie yenyewe kutoka mabegani. Kati ya mwisho wa mpini na paja ipite ngumi moja. Kwa dreva, fimbo ndefu ya mapigo ya mbali, moja na nusu hivi. Ukilazimika kuufuata mpira kwa mikono, sogea karibu, maana uzito umeshahamia vidoleni.

Kwa aironi, uzito ni nusu kwa nusu kila mguu. Kwa dreva ongeza upana wa miguu kwa sentimita 5 hivi, mpira uelekeane na kisigino cha kushoto kwa ndani, bega la kulia lishuke kidogo, na mguu wa kulia ubebe asilimia 55 hadi 60. Kusi likivuma, panua miguu kidogo na ufupishe swingi (mzunguko wa fimbo). Kujibu upepo kwa nguvu ndiko kunakomyumbisha mtu.

Kupima ni rahisi: nyunyizia uso wa fimbo unaogonga mpira poda ya mtoto, piga mipira kumi. Alama zikirundikana karibu na shingo ya fimbo, shuku vidole. Zikiwa kwenye ncha, shuku visigino. Kisha chukua aironi 9, gusanisha miguu, piga nusu swingi. Upande unaoyumbia ndio wa kurekebisha.

Rudia ukaguzi baada ya shimo la 12. Kwa joto la Januari miguu huchoka, magoti hukunjika zaidi bila mtu kujua, na lawama zinarudi kwa kichwa.